Serikali ya mseto: nani alishinda, na kwa nini tunaacha kuuliza?

Tarehe 28 Februari 2008 iliwekwa meza mbele ya jengo la Harambee House, Nairobi. Mwai Kibaki na Raila Odinga wakaketi, wakatia saini. Kofi Annan alikuwapo kama mpatanishi, na Rais Jakaya Kikwete, ambaye mwaka huo alikuwa pia mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, alikuwapo pia. Mimi nilikuwa darasa la tatu, huku kwetu Tanzania. Ninachokumbuka ni mama akiongeza sauti ya redio, akasikiliza taarifa mpaka mwisho, halafu akasema neno moja tu: "Afadhali."

Nimesoma vitabu kadhaa tangu siku ile na bado sijapata neno linaloeleza serikali za namna hiyo vizuri kuliko hilo la mama. Afadhali kuliko nini? Kuliko miezi miwili iliyotangulia, ambayo kwa hesabu ya Tume ya Waki watu 1,133 waliuawa, na mamia ya maelfu wakayakimbia makazi yao. Lakini ukiusoma ule mkataba kwa utulivu, kuna kitu utakitafuta usikione. Hausemi nani alishinda uchaguzi. Watu wawili walikuwa wameiambia dunia kwamba wananchi wamewachagua wao. Wote wawili hawawezi kuwa sahihi, na wote wawili wakaingia serikalini.

Sasa swali langu kwako, msomaji, ni hili: serikali kama hiyo inapata wapi haki ya kutuamuru? Ikisema lipa kodi, ikimtuma polisi, ikipitisha bajeti, inasimama juu ya nini?

Uhalali ni mambo mawili ndani ya neno moja

Kiswahili hapa kinatubana kidogo. Tukisema "serikali halali" tunaweza kumaanisha kwamba imepatikana kwa kufuata sheria, au kwamba watu wanaikubali kuwa ni yao. Mara nyingi mambo haya mawili huenda pamoja, ndiyo maana hatuoni shida. Shida huonekana yakiachana.

Chukua kikundi cha VICOBA cha mtaani kwenu. Katiba ya kikundi inasema mwenyekiti ni fulani, muhuri anao yeye, benki inamtambua yeye. Lakini wanachama wameshaamini kwamba kura zilichezewa, na kila wiki wanaoleta hisa wanapungua. Kisheria huyo ni mwenyekiti. Kwa vitendo anaongoza viti vitupu. Upande wa pili kuna yule mama ambaye hana cheo chochote, ila akisema "jamani, mikopo isitishwe kwanza", watu wanatii. Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, aliijenga sehemu kubwa ya kazi yake juu ya jambo hilihili: mamlaka hayadumu kwa nguvu peke yake, yanahitaji wanaoongozwa waamini kwamba anayewaongoza anastahili kuwaongoza.

Mjerumani mwingine wa baadaye, Fritz Scharpf, aliligawa hilo kwa namna ambayo mimi huiona kama nyumba yenye milango miwili. Kuna uhalali wa kuingilia: umefika madarakani kwa njia tuliyokubaliana wote. Na kuna uhalali wa kutokea: yale yanayotoka kwako yanatufaa, barabara zinajengwa, watoto wanasoma, tunalala salama. Uchaguzi ndio mlango wa kuingilia. Uchaguzi ukibishaniwa, mlango huo umevunjika, na serikali itakayoundwa lazima iishi kwa ule wa pili.

Ndiyo hoja yangu yote katika makala haya. Serikali ya mseto haijengi upya mlango wa mbele. Inakopa muda kwa kutumia wa nyuma: inatuletea amani na kazi kidogo, nasi tunaacha kuuliza nani alishinda. Huo ni mkopo, na kama mkopo wowote wa VICOBA, una siku ya marejesho. Siku hiyo ni uchaguzi unaofuata.

Kenya: mkate uliokatwa katikati

Turudi Nairobi. Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, akatangaza kwamba Kibaki amepata kura 4,584,721 na Raila 4,352,993. Jioni hiyohiyo, giza likiingia, Kibaki akaapishwa Ikulu. Siku chache baadaye Kivuitu mwenyewe akawaambia waandishi wa habari kwamba hajui kama Kibaki alishinda. Hebu fikiria: refa amepuliza kipenga, kombe limekabidhiwa, kisha refa anasema hana hakika na magoli.

Tume yenyewe ilikuwa imeshaanza kupoteza imani kabla ya kura hata moja kupigwa. Mwaka 1997 vyama vilikuwa vimekubaliana kwamba makamishna wateuliwe kwa kushirikisha upinzani. Kuelekea 2007 Kibaki aliteua wengi wao bila mashauriano hayo. Halafu lilikuwapo suala la mahakama. Chama cha ODM kilikataa kupeleka kesi, kikisema majaji ni wateule wa mpinzani wake. Refa haaminiki, kamati ya rufaa haiaminiki. Kilichobaki ni barabara, na barabara zikawaka moto.

Mkataba uliosainiwa Februari uligeuzwa kuwa sheria ya Bunge mwezi Machi 2008. Ulimuumbia Raila cheo cha Waziri Mkuu, mwenye kazi ya "kuratibu na kusimamia" shughuli za serikali, na mawaziri wakagawanywa kati ya pande mbili. Baraza lililotangazwa Aprili lilikuwa na mawaziri 40. Wengi wetu tunaita serikali hizi "za mseto", na neno linafaa: mseto ni mchele na choroko zilizopikwa chungu kimoja, na ukishaiva huwezi tena kuzitenganisha. Wakenya wao waliona picha nyingine. Waliiita serikali ya nusu mkate. Mkate ukiukata katikati, kila mtu anaiona mistari ya kisu.

Na mistari ilionekana kila wiki. Aprili 2009 Kibaki na Raila walimpelekea Spika Kenneth Marende majina mawili tofauti ya nani awe kiongozi wa shughuli za serikali bungeni: mmoja alimtaka Makamu wa Rais Kalonzo Musyoka, mwingine alijitaja mwenyewe. Spika akaona heri aishike kamati hiyo yeye kwa muda. Februari 2010 Raila alitangaza kuwasimamisha kazi kwa miezi mitatu mawaziri wawili, William Ruto wa Kilimo na Sam Ongeri wa Elimu, kwa sababu ya kashfa za mahindi na fedha za elimu ya bure. Saa chache baadaye Kibaki akasema hapana, hakushauriwa, wabaki. Nchi ikabaki inabishana maana ya "kuratibu na kusimamia". Mtu aliyeuandika msemo ule, sidhani kama alijua utalipa ada za mawakili wangapi.

Kuna gharama nyingine ambayo haina kelele. Vyama vyote vikubwa vikiwa serikalini, nani atasimama bungeni aulize hizo fedha za mahindi zimekwenda wapi? Watafiti Nic Cheeseman na Blessing-Miles Tendi waliolinganisha Kenya na Zimbabwe walisema kwamba Kenya iliangukia katika siasa za kulindana: viongozi walioonekana kugombana hadharani walikuwa na maslahi yaleyale ya kuzuia mabadiliko yanayowagusa. Ukitaka kujua kwa nini mahakama maalumu ya kuwashtaki wahusika wa mauaji ya 2008 haikuundwa, hapo ni mahali pazuri pa kuanzia kutafuta.

Kwa hiyo ulikuwa mkopo mbaya? Hapana, na hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu wanaozibeza serikali hizi zote kwa pamoja. Mazungumzo ya Annan yalikuwa na ajenda nne. Ya kwanza hadi ya tatu zilihusu dharura: kusimamisha fujo, kuwahudumia waliohamishwa, kugawana madaraka. Ya nne ilihusu ya muda mrefu: ardhi, ajira, katiba, mahakama, tume ya uchaguzi. Ajenda ya Nne ndiyo marejesho.

Tume ya Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ikachunguza uchaguzi wenyewe, na Septemba 2008 ikatoa jibu ambalo watu wengi hawakulitaka: haiwezekani kujua nani alishinda. Si kwamba walificha. Uchafu ulikuwa mwingi kiasi kwamba ukweli haupatikani tena. Daftari la wapiga kura peke yake lilikadiriwa kuwa na watu milioni 1.2 waliokwisha kufariki. Kura za kujaza masanduku zilishukiwa katika ngome za pande zote mbili. Nalirudia hili makusudi, kwa sababu watu husema "ilitakiwa wahesabu upya tu, mshindi apewe". Kuna chaguzi ambazo ukihesabu upya unahesabu uongo kwa mara ya pili.

Desemba 2008 Bunge likaivunja tume ile. Tume ya muda ikasimamia kura ya maoni ya katiba mpya tarehe 4 Agosti 2010, karibu asilimia 67 wakasema ndiyo, na upande wa hapana ukakubali umeshindwa. Kwa nchi iliyokuwa ikichomana miaka miwili iliyopita, hilo si dogo. Mwaka 2013 Raila akashindwa tena, akalalamika tena, lakini safari hii alikwenda Mahakama ya Juu. Alishindwa kesi, akakubali. Na tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama hiyohiyo, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ikafuta ushindi wa Rais Uhuru Kenyatta, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea Afrika. Uchaguzi wa marudio ulisusiwa na Raila, ndiyo, na mambo yakaishia kwenye handisheki ya Machi 2018, palepale Harambee House. Deni halikulipwa lote. Lakini kiti cha hakimu kilikuwapo, na watu walikitumia.

Linganisha na Zimbabwe kwa haraka. Machi 2008 Morgan Tsvangirai aliongoza kwa asilimia 47.9 dhidi ya 43.2 za Robert Mugabe, matokeo yakichukua mwezi mzima na zaidi kutangazwa. Kabla ya duru ya pili wafuasi wake walipigwa na kuuawa, akajitoa. Thabo Mbeki akapatanisha, mkataba ukasainiwa Septemba, na Februari 2009 Tsvangirai akawa Waziri Mkuu. Kwa mlango wa nyuma serikali ile ilifanya kazi kweli: dola ya Zimbabwe ikaachwa, mfumuko wa bei wa kutisha ukakoma, maduka yakajaa tena. Katiba mpya nayo ilipita 2013. Ila jeshi na vyombo vya usalama vilibaki mikononi mwa upande wa Mugabe, na upinzani ulilalamika mpaka mwisho kwamba haupewi daftari la wapiga kura kwa wakati. Julai 2013 Mugabe akatangazwa mshindi kwa asilimia 61, na mseto ukamwagwa. Muda uliokopwa ulimnufaisha mmoja.

Zanzibar: kugawana kabla ya kupiga kura

Mpaka hapa nimezungumzia serikali zilizoundwa baada ya moto kuwaka. Zanzibar ilifanya kitu tofauti, na ndiyo sababu niliichagua kwa utafiti wangu wa shahada ya uzamili. Wenzangu darasani walitaka niende mbali zaidi. Nikawaambia boti ya kwenda Unguja inachukua saa mbili.

Hesabu zenyewe zinaeleza tatizo. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Salmin Amour wa CCM alitangazwa kwa asilimia 50.2, Seif Sharif Hamad wa CUF akiwa na 49.8. Tofauti haifiki nusu ya asilimia moja. Lakini aliyepata 50.2 alichukua serikali yote na aliyepata 49.8 hakupata hata afisa. Katika visiwa vidogo ambako ajira, viwanja na nafasi za masomo hupitia serikalini, kushindwa namna hiyo kulimaanisha miaka mitano ya kutazama kwa dirishani. Ukiongeza kwamba Pemba karibu yote ilikuwa upande mmoja, unaelewa kwa nini kila uchaguzi ulikuwa kama vita.

Ulikuwapo Muafaka wa 1999, haukutekelezwa. Uchaguzi wa 2000 ukavurugika, kura zikarudiwa katika majimbo 16. Tarehe 27 Januari 2001 waandamanaji wakapigwa risasi, wengi wao Pemba, na watu takriban elfu mbili wakavuka bahari kuwa wakimbizi Shimoni, Kenya. Ndiyo, Watanzania wakawa wakimbizi. Nilipokuwa shule hatukufundishwa hilo, nimelijua chuo kikuu. Oktoba 2001 ukaja Muafaka wa pili, kisha uchaguzi wa 2005 ukabishaniwa tena.

Kilichobadilisha mambo ni mazungumzo ya tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Karume alipokutana na Maalim Seif Ikulu ya Zanzibar. Hapakuwa na mpatanishi wa kigeni. Watu wakayaita Maridhiano. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wakaulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Katiba ikarekebishwa kwa mara ya kumi. Kuanzia hapo Makamu wa Kwanza wa Rais anatoka katika chama kilichoshika nafasi ya pili katika uchaguzi wa urais, na mawaziri wanagawanywa kulingana na viti vya Baraza la Wawakilishi.

Unaona tofauti na Kenya? Nairobi waligawana baada ya kura, kwa mkataba wa watu wawili. Zanzibar wananchi wenyewe waliulizwa, kabla ya kura, na kanuni ikawekwa kwenye katiba bila kujua nani ataitumia. Hapa mlango wa mbele ulihusika. Mpiga kura alijua anapochagua kwamba mshindi hatachukua chote.

Na ilifanya kazi. Oktoba 2010 Ali Mohamed Shein alitangazwa kwa asilimia 50.1, Seif 49.1, tofauti isiyofika kura 4,000. Tarakimu karibu zilezile za 1995. Lakini Maalim Seif alisimama ukumbini Bwawani, akakubali matokeo na kumpa mkono mwenzake. Wafuasi wake hawakuwa wameshawishika kwamba kura zilihesabiwa vizuri zaidi kuliko zamani. Kilichobadilika ni bei ya kushindwa. Nionavyo mimi, huu ni mfano mzuri kuliko wote tulionao Afrika Mashariki wa jinsi kanuni moja ya katiba inavyoweza kutuliza mioyo ya watu bila askari hata mmoja kuongezwa.

Sasa sehemu inayouma.

Kanuni ilibadilika, refa akabaki yuleyule. Tarehe 25 Oktoba 2015 watu walipiga kura kwa amani. Kesho yake Seif akatangaza kwamba kwa hesabu za chama chake ameshinda. Tarehe 28, matokeo ya baadhi ya majimbo yakiwa yameshatangazwa, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akajitokeza kwenye televisheni na kuufuta uchaguzi wote. Uamuzi huo haukutoka kwenye hukumu ya mahakama. Marudio yakapangwa tarehe 20 Machi 2016, CUF ikasusa, Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4. Shirika la Marekani la MCC likasitisha msaada wa dola milioni 472 kwa Tanzania, likitaja uchaguzi huo kuwa miongoni mwa sababu.

Hapo katiba ikakutana na kitu ambacho haikukitarajia. Mshindi wa pili wa marudio, Hamad Rashid Mohamed wa ADC, alipata kama asilimia 3. Katiba inataka angalau asilimia 10, na ikishindikana, waangaliwe walioshika nafasi ya pili kwa viti vya Baraza. Lakini hapakuwa na chama kingine chenye viti, maana waliosusa walikuwa wamesusa kote. Kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa kitupu hadi 2020. Shein aliwateua wapinzani wachache kuwa mawaziri, Hamad Rashid akiwamo, akaendelea.

Jambo hili lilinichukua muda kulielewa, kwa hiyo acha nilifafanue polepole. Katika mfumo wa kawaida, mshindi akishashinda hahitaji kitu kutoka kwa aliyeshindwa. Katika mfumo wa umoja wa kitaifa anakihitaji: anahitaji akubali kuingia. Kuingia kwake ndiko kunakogeuza matokeo ya tume kuwa serikali ya wote. Kwa maneno mengine, saini ya aliyeshindwa inakuwa muhuri. Na anayeshika muhuri ana uamuzi mgumu kila uchaguzi ukibishaniwa. Asipoingia, wafuasi wake wanarudi kutazama dirishani kwa miaka mitano. Akiingia, anaupa uhalali uchaguzi ambao jana alisema ni wizi.

Oktoba 2020 uamuzi huo ukaja tena. Hussein Mwinyi alitangazwa kwa asilimia 76.27. Seif, safari hii akiwa ACT-Wazalendo, alipewa 19.87, naye na chama chake wakayakataa matokeo. Tarehe 8 Desemba, wiki sita baadaye, akala kiapo kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Nilikuwa bado naandika tasnifu, na nakumbuka nilivyogombana na rafiki yangu wa Chake Chake kwenye WhatsApp mpaka saa saba usiku. Yeye aliona usaliti. Mimi niliona mzee mwenye umri wa miaka 77 anayejua kinachowapata watu wa kawaida wa Pemba chama kinaposusa, maana aliwahi kususa. Maalim Seif alifariki tarehe 17 Februari 2021, na Othman Masoud Othman akachukua nafasi yake. Rafiki yangu bado hajakubaliana nami, na siku hizi sina uhakika kama mimi nakubaliana nami.

Watu wa fani yetu hupenda kumtaja Arend Lijphart, msomi mzaliwa wa Uholanzi aliyeandika kwamba jamii zilizogawanyika zinahitaji kugawana madaraka, si kunyang'anyana. Kwa Zanzibar hoja yake inaonekana kuwa na nguvu. Lakini mtu akiisoma haraka anaweza kudhani kugawana kunachukua nafasi ya kuhesabu kura kwa uaminifu, kumbe ukubwa wa fungu lako bado unatoka kwenye hesabu ileile. Kati ya 49 na 19 kuna tofauti kubwa ya mawaziri, ya viti, ya sauti. Kenya walianza na refa na mahakama, wakaacha mfumo wa mshindi kuchukua chote. Zanzibar ilianza na mfumo wa mshindi kuchukua chote, ikamwacha refa. Kila mmoja alitengeneza nusu ya nyumba, na mvua ikaingilia kwa nusu ya pili.

Nilipokuwa Wete kukusanya data, mzee mmoja alinikaribisha barazani kwake. Nikamwamkia shikamoo, nikatoa dodoso langu. Alisikiliza maswali matatu ya kwanza, akaniwekea mkono begani.

"Mwanangu, mimi nilipiga kura ya rais. Hiyo ya makamu niliipiga lini?"

Nikamweleza kifungu cha 39: kwamba kura yake kwa mgombea ambaye hakutangazwa mshindi ndiyo inayokipeleka chama chake kwenye kiti cha Makamu wa Kwanza, kwa hiyo kwa namna fulani aliipiga palepale. Akafikiri kidogo. Akaniuliza kama hilo limeandikwa popote kwenye karatasi ya kura. Nikamwambia halijaandikwa. Akasema basi niandike jibu lake la swali la nne hivyohivyo, kisha akamwita mjukuu wake alete kahawa.